Kofia ya Mtawa

Msafiri wa pwani aliyezoea kanzu nyepesi na kofia ya viua, basi likishaumaliza mlima wa Kitonga na kushika njia ya Iringa, hasa ikiwa ni Juni au Julai, hujuta kwamba hakufungasha vazi zito. Kofia ya viua husitiri utosi tu. Masikio na kisogo huachiwa upepo. Akiwatazama wenzake humo garini huona kila mwenye sweta au koti lenye kofia iliyoshonewa shingoni ameivuta hadi kwenye nyusi, na basi zima limekuwa kama baraza la watawa waliokaa kimya wakingoja sala.

Kofia hiyo iliyoungana na vazi haina jina la peke yake katika Kiswahili. Warumi wa kale waliiita kukulusi, watawa wa Ulaya wakaifanya kukula, neno ambalo ni heri halikuingia kwetu, maana sikio la Mswahili lingedhani linatishiwa kuliwa. Waitaliano huiita kapucho. Sisi tumetosheka na kofia, nayo kofia ni mgeni aliyekwisha kuwa mwenyeji. Limetufikia kwa mkono wa Kiarabu, kutoka neno kufiya, na wanaotafuta asili yake wamegawanyika: wapo wanaolirejesha kwenye mji wa Kufa huko Iraki, na wapo wanaolirejesha kwenye Kilatini cha zama za mwisho, ambamo kofia ilikuwa kitambaa cha kufunikia kichwa. Ikiwa hawa wa pili wamesibu, basi mzee wa Malindi anayeelekea msikitini na mtawa wa Kirumi wamevaa neno moja.

Lakini uzito uko kwenye neno mtawa. Ukimtajia leo kijana wa Mbeya au wa Iringa neno hili, picha inayomjia ni ya sista au bruda wa shirika la kanisa. Hiyo ndiyo maana iliyoenea shuleni na magazetini, wala si kosa. Ila neno halikuzaliwa kanisani. Kutawa, kwa wazee wa pwani, ni kukaa ndani kwa staha na uchaji, kujiepusha na njia kuu na macho ya watu. Mtawa alikuwa mcha Mungu asiyependa makuu, na mara nyingi alikuwa mwanamke wa nyumba ya heshima ambaye jua halimjui. Wamisionari walipohitaji neno la kumtaja mtu aliyejitenga kwa ajili ya ibada, walilikuta limekwisha kuchongwa na Waislamu wa pwani. Wakalitwaa, wakapanda nalo milimani. Wapenzi wa tenzi wataiona hasara. Anayesoma utungo wa kale kwa macho ya leo, akakutana na mtawa, huweza kumvisha bibi wa Pate msalaba shingoni.

Kofia yenyewe, tukiiacha ile ya maneno, ilianza kwa wanyonge. Kule Roma kukulusi ilivaliwa na watumwa, wachungaji, wakulima na wasafiri wa usiku. Watawa wa mwanzo waliitwaa makusudi kwa kuwa ilikuwa ya wadogo, walitaka kushuka. Katika karne ya 6 Benedikto wa Nursia, sura ya 55 ya Kanuni yake, aliagiza kila mtawa apewe kanzu na kukula, nzito kwa majira ya baridi na nyepesi kwa majira ya joto, na mkuu wa nyumba apime hali ya hewa ya mahali: penye baridi nguo ziongezwe, penye joto zipunguzwe. Kwa nchi kama Uhehe, agizo hilo ni kama liliandikwa na mtu aliyewahi kulala huko.

Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walifika pwani yetu mwaka 1888 wakaanzia Pugu, na Januari 1889 kituo chao kikavamiwa katika vita vya Abushiri. Uhehe waliingia baada ya Wajerumani kuiteka Kalenga, ngome ya Mkwawa, tarehe 30 Oktoba 1894. Walijenga Tosamaganga wakati Mkwawa mwenyewe angali porini akipigana, kabla hajajiua Julai 1898. Basi kofia ya mtawa ilifika Iringa nyuma ya mzinga, na sioni sababu ya kulifunika jambo hili. Wahehe, ambao baridi yao waliijibu kwa mgolole, shuka lisilo na kofia, walimwona mtu aliyevaa vazi la mtumwa wa Kirumi akiwa upande wa mshindi. Aliyeshuka kwa nguo alikuwa amepanda kwa bunduki za wengine.

Vita Kuu ya Kwanza iliwaondoa Wajerumani. Mwaka 1919 wakaja Wakonsolata wa Torino, ambao ni wamisionari bila ya kuwa wamonaki, wala hawana kukula. Maisha ya kimonaki yalirudi kwa mlango wa wanawake, kwa masista Wabenediktini wa Imiliwaha, Njombe, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012. Hao kichwani huvaa shela, jina lile lile tunalolitumia kwa bibi harusi.

Mbeya, kofia ilifika kwa njia ndefu zaidi, na hapa msomaji wa visiwani ana ruhusa ya kutabasamu. Mwaka 1868, huko Aljeria, Askofu Mkuu Charles Lavigerie alianzisha shirika ambalo watu wake walitakiwa wavae kama wenyeji: gandura nyeupe, ambayo yeyote hapa kwetu angeiita kanzu, kofia nyekundu iliyo ndugu wa tarbushi, na burnusi, joho jeupe lenye kofia. Wakaitwa Mapadri Weupe kwa sababu ya nguo hiyo, si kwa sababu ya ngozi. Mwaka 1878 msafara wao wa kwanza wa kuelekea maziwa makuu ulipitia Unguja na Bagamoyo. Mwaka 1932 lilipoundwa jimbo la kimisioni la Tukuyu walikabidhiwa wao. Likaitwa Mbeya mwaka 1949, likawa jimbo kamili mwaka 1953, na jimbo kuu mwaka 2018.

Burnusi si ngeni katika vitabu vyetu vya fiqhi. Imo kwa jina katika hadithi ya Ibn Umar inayotaja nguo asizovaa mwanamume aliyehirimia Hija, pamoja na kanzu, kilemba na suruali. Na wanaofuatilia maneno wanasema Waarabu nao walilipata jina hilo kwa Wagiriki na Warumi, waliokuwa na joho lenye kofia liitwalo birusi. Vazi la Roma likawa la Maghribi, la Maghribi likavaliwa na Mfaransa, na Mfaransa akalileta chini ya mlima Rungwe. Lavigerie alilichagua ili asionekane mgeni mbele ya Waislamu wa Aljeria. Kwa Wanyakyusa, ambao Wamoravian walikuwa nao tangu mwaka 1891, lilikuwa geni kuliko koti la Kizungu.

Turudi pwani kidogo, kwa kuwa huku mambo yalikwenda kinyume. Mtawa wetu wa kike alikuwa na kofia yake: shiraa, na baadaye buibui. Mwana Kupona, katika utenzi wake wa mwaka 1858, anamuusia binti yake asiifunue shiraa njiani. Kujifunika kulikuwa alama ya uungwana, na mtumwa hakuruhusiwa. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa walianza kujifunika buibui, nao wakahesabiwa miongoni mwa waungwana. Mmonaki alichukua kofia ya mtumwa ili ashuke. Mwanamke wa Ng'ambo alichukua stara ya bibi yake ili apande. Mimi huona huyu wa pili ndiye aliyejua zaidi nguo ni nini.

Kofia hiyo imezaa watoto wengi, nami nitawapita mbiombio. Wakapuchini, waliopata kibali cha Papa mwaka 1528, waliitwa hivyo kwa kapucho yao ndefu yenye ncha. Wale wa Uswisi walikuja kwetu mwaka 1921, na Ifakara, bondeni chini ya safu ya Udzungwa, ni kazi yao. Rangi ya joho lao ikaipa jina kahawa ya kapuchino, ambayo mkulima wa Mbozi hulima buni yake bila ya kuionja. Waingereza huita kofia ya injini boneti, nasi tumeipokea. Wamarekani wanaiita kwa jina la kofia ya mtawa hasa, na mafundi wa Mafinga hawajali. Kima wa Amerika ya Kusini walipewa jina la Wakapuchini kwa manyoya yao ya kichwani.

Kima wa kwetu alisalimika. Mwaka 2003 watafiti walimkuta katika misitu ya Rungwe na Livingstone upande wa Mbeya, na mwaka 2004 katika msitu wa Ndundulu, Udzungwa, upande wa Iringa, ana shungi lililosimama utosini. Angeweza naye kuitwa mtawa. Lakini Wanyakyusa walikwisha kumwita kipunji, na alipotangazwa kwa ulimwengu mwaka 2005 jina hilo likabaki naye.

Kitulo, uwanda ulio kati ya Mbeya na Makete, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, kuna okidi za jamii ya Satiriamu ambazo ua lake lina petali iliyojikunja kama kofia, ikiyafunika matundu mawili ya asali. Ua huvaa kofia, lakini huuawa kwa mizizi yake. Viazi vyake, pamoja na vya okidi nyingine, vimechimbwa kwa magunia na kuvushwa hadi Zambia, ambako husagwa na kupikwa chakula kinachoitwa chikanda, na hilo ni moja ya mambo yaliyofanya uwanda huo uhifadhiwe.

Sokoni Mwanjelwa, Mbeya, kwenye marobota ya mitumba, masweta yenye kofia huuzwa kwa mamia. Vijana wa bodaboda huyanunua, na alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya Loleza, huwaona wamejipanga kituoni, kofia zimechongoka, mikono mifukoni. Nilimwuliza mmoja nguo ile inaitwaje. Akanijibu kuwa ni sweta la kofia, akaniuliza kama nataka kwenda Uyole.