Sala Fupi ya Mezani

Sote twajua mambo ya jioni nyumbani. Tumerudi shamba tumechoka, watoto wana njaa, chungu kimekwisha epuliwa. Baba aanza kumshukuru Mungu, na kabla hajasema Amina mkono wa mtu umekwisha ingia bakulini. Sala ile twaipita mbio, kama mtu apitaye mlangoni pa jirani bila salamu. Basi leo na tukumbuke habari za mtu wa kale aliyetunga sala ya namna hiyo.

Jina lake Martin Rinckart. Alizaliwa mwaka 1586 huko Eilenburg, mji mdogo wa Sachsen katika Ujerumani, mwana wa fundi wa mapipa. Mwaka 1617 alirudi kwao kuwa mchungaji. Mwaka wa pili yake vikaanza Vita vya Miaka Thelathini, ambavyo havikuisha mpaka mwaka 1648. Kwa kuwa mji ule ulikuwa na kuta, watu wengi wa vijijini walikimbilia ndani. Askari nao wakaja, wakala akiba ya wenyeji. Watu wakasongamana, na maradhi yakawafuata.

Mwaka 1637 tauni kubwa iliingia. Yasemwa kwamba watu wapatao 8,000 walikufa. Katika wachungaji wenzake mmoja aliondoka, wengine wakafa, naye Rinckart akabaki peke yake. Siku nyingine aliwazika watu 40 au 50, na jumla ya aliowazika yapita 4,000. Mwezi wa Mei mke wake naye akafa. Tauni ilipokwisha, njaa ikafuata. Maskini walijaa mlangoni pake, naye akawagawia alichokuwa nacho, hata akalazimika kuweka rehani mapato yake ya miaka ya mbele, ili wanawe wapate mkate na nguo.

Mtu huyo ndiye aliyetunga wimbo wa shukrani ambao Wakristo wa nchi nyingi wauimba hata leo katika sikukuu na mavuno. Lakini wimbo ule haukutungwa kwa ajili ya sikukuu. Katika kitabu chake uliandikwa kuwa sala fupi ya mezani, na mafungu yake mawili ya kwanza yafuata maneno ya kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 50. Inasemekana kitabu kile kilichapwa mwaka 1636, yaani kabla ya mwaka ule wa tauni. Mwaka 1647 Johann Crüger aliuchapa katika kitabu chake cha nyimbo pamoja na sauti yake. Rinckart alifariki mwaka 1649, amani ikiwa imekuja mwaka mmoja tu.

Hatusemi kwamba alishukuru kwa ajili ya tauni. Nani awezaye kushukuru kwa kaburi la mkewe? Na katika wimbo wenyewe mna ombi la amani na la kuokolewa na dhiki. Bali twaona jambo hili: shukrani si kitu cha kutafutwa siku ya msiba, kama vile ghala halijengwi siku ya njaa. Hujengwa kidogo kidogo, penye mkate wa kila siku, na mtu anayekubali kungoja kitambo kabla ya kula.

Wazee wetu walinena kweli, haraka haraka haina baraka. Jioni hii mkono na ungoje. Tumkumbuke Mungu aliyeleta mvua, tumkumbuke na mama aliyetwanga, na mtoto aliyeteka maji, tuwatazame nyuso zao. Chakula hakitapoa kwa kitambo hicho, na waliokizunguka hatutakuwa nao siku zote.