Mzigo mwepesi (safari za porini)
Mzigo mwepesi ni mtindo wa kutembea porini na vitu vya lazima tu: turubai badala ya hema, shuka, sufuria moja, chakula kikavu. Maana yake huonekana wazi Bandari ya Juba, Sudan Kusini, ambako matishali ya Nile Nyeupe hukomea, kwani maporomoko ya kusini yanaziba njia hadi Nimule. Kabla ya magari, shehena ilihamia mabegani hapo. Jirani ipo Gondokoro, walikofika wapelelezi Speke na Grant mwaka 1863 kutoka pwani, Sidi Mubarak Bombay akiwa kiongozi wa msafara. Mpagazi wa enzi hizo alibeba kama frasila mbili, takriban kilo 32, sehemu kubwa ikiwa nguo na shanga za kulipia hongo na chakula.

Wapo wanaosema wepesi ni hatari. Kwa maji wana haki: lita moja ni kilo moja, na joto la Juba halisamehe. Lakini kilo zinazoachwa kwenye vyombo ndizo zinazoyapa maji nafasi. Anayeelekea mlima Kinyeti, wenye mita 3,187, asiache sweta. Usiku wa kule ni baridi.