Fidla ya Eddie South

Fidla ni ala ambayo watu wa mwambao wameizoea katika vilabu vya taarabu, ambamo hulia sambamba na udi na kanuni wala hapana aulizaye imetoka taifa gani. Huko Marekani, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, mwenye kuishika ala hiyohiyo alitazamwa kwanza rangi ya ngozi yake, kisha ndipo ukasikilizwa uhodari wa vidole vyake. Sira ya Eddie South yastahili kusimuliwa kwa sababu hiyo, kwani alikuwa mtu aliyenyimwa nusu ya haki yake, naye kwa subira na elimu akaunganisha katika upinde mmoja mambo mawili ambayo zama zake ziliazimia kuyatenga.

Alizaliwa tarehe 27 Novemba 1904 katika mji uitwao Louisiana, ulioko jimbo la Missouri, akalelewa Chicago, na kipaji chake kikadhihirika angali mtoto. Alisomeshwa fidla kwa taratibu za Ulaya, hata akaingia Chicago Musical College, akajifunza kusoma nota, kuutawala upinde na kuitoa sauti safi isiyo na doa, elimu ambayo kwa kijana wa Kizungu mwenye kipaji kama hicho ingemfikisha katika okestra kubwa. Kwa kijana Mweusi elimu hiyo haikufaa kitu mbele ya okestra hizo, kwa kuwa ada ilikuwa imekwisha kuhukumu kabla yeye hajakifungua kisanduku cha fidla yake.

Basi akaielekea riziki pale ilipopatikana. Chicago ya miaka ya 1920 ilikuwa imefurika wanamuziki waliohamia kutoka majimbo ya kusini, naye akapiga katika bendi za Jimmy Wade na Erskine Tate, na humo akaipata elimu ya pili: kuichelewesha sauti kidogo nyuma ya mapigo, na kuuacha wimbo ulioandikwa ili kubuni mwingine papo hapo juu ya msingi uleule. Mwishoni mwa miaka hiyo alisafiri Ulaya, akasoma Budapest, na huko akawasikiliza wapiga fidla wa Kiroma, yaani wa jamii ya Roma wala si wa mji wa Rumi, mafundi ambao kwao ustadi wa mkono uliofunzwa na uhuru wa kubuni ulikuwa kazi moja tangu enzi za mababu zao. Nyimbo zao alizichukua akazitia katika jazi, na tangu hapo fidla yake ikawa na huzuni na madaha yasiyosikika kwa mwingine. Aliporejea nyumbani aliongoza kikundi chake mwenyewe, na miongoni mwa waliopiga pamoja naye alikuwemo Milt Hinton, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa mabingwa wakubwa wa besi katika jazi.

Mwaka 1937 alikuwa Paris. Humo alikutana na Stéphane Grappelli, mpiga fidla ambaye sehemu kubwa ya elimu yake alijipatia mwenyewe, na Django Reinhardt, mpiga gita wa Kiroma asiyejua kusoma nota, ambaye moto wa mwaka 1928 ulikuwa umemlemaza vidole viwili vya mkono wa kushoto. Watu hao watatu, Mmarekani Mweusi, Mfaransa na Mroma, waliingia studio mwezi wa Novemba wakapiga sehemu ya kwanza ya konseto ya Johann Sebastian Bach ya fidla mbili katika re ndogo. Gita moja la Django likashika mahali pa okestra nzima, na fidla mbili zikafuatana, moja ikisema na nyingine ikijibu, kama alivyopanga Bach, ila mapigo yakiwa ya jazi. Kisha wakairudia kazi ileile kwa njia nyingine, wakiiacha nota na kubuni wao wenyewe juu ya maudhui yake. Msikilizaji wa santuri hizo hasikii mzaha wala dharau kwa Bach. Husikia wanafunzi wa kweli wakimjibu ustadhi wao. Katika mwaka huohuo South alirekodi pia tungo yake mwenyewe, "Eddie's Blues", nayo huonyesha kwamba sauti ile iliyofunzwa kwa Bach iliweza kuyabeba majonzi ya watu wake bila ya kubadili lafudhi.

Katika miaka iliyofuata alifanya kazi studioni, na katika miaka ya 1950 akaonekana katika televisheni ya Chicago, akiheshimiwa na mafundi wenzake kuliko alivyojulikana kwa umma. Alifariki katika mji huo tarehe 25 Aprili 1962. Mwaka huohuo New York Philharmonic, okestra iliyoasisiwa mwaka 1842, ilimwajiri mpiga fidla Sanford Allen, mtu Mweusi wa kwanza kupewa kiti cha kudumu humo, baada ya miaka 120.