Deni Lililolipwa kwa Majani ya Chai

Mashamba makubwa ya Kericho yalipandwa na kampuni kama Brooke Bond na James Finlay miaka ya 1920, kwenye ardhi waliyonyang'anywa Wakipsigis. Mwafrika alikuwa mchumaji tu, hadi Mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni, ulipomfungulia njia ya kulima chai yake mwenyewe. Lakini chai hungoja miaka kadhaa kabla ya kuchumwa, na ikishachumwa haingoji: inahitaji kiwanda cha karibu na barabara ambayo lori halikwami wakati wa mvua. Mkulima wa Litein au Bomet angetoa wapi fedha za hayo yote?

Zilikopwa ng'ambo. Mwaka 1964 ndipo KTDA, mamlaka ya kuendeleza chai ya wakulima wadogo, ilipoundwa, na IDA, tawi la Benki ya Dunia, ikatoa dola milioni 2.8. CDC, shirika la maendeleo la Uingereza, na Ujerumani Magharibi nazo zilikopesha. Masharti ya IDA yalikuwa nafuu: miaka 50, bila riba, ila ada ya asilimia 0.75 kwa mwaka.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi deni lilivyolipwa. Mkulima alichukua miche kwa mkopo. Kwenye kituo cha kununulia chai majani yake yalikaguliwa, yakitakiwa yawe mawili na chipukizi; yaliyokomaa yalirudishwa. Yaliyokubaliwa yalipimwa, na senti kadhaa zikakatwa kwa kila kipimo. Makato yaliuma, lakini mkulima alijua fedha zimekwenda wapi: aliviona viwanda vikijengwa. Leo Litein, Kapkoros na Mogogosiek ni viwanda ambamo wakulima wana hisa zao.

Sasa tazama mwaka 2014. Kenya iliuza Eurobond (hati za mkopo kwa wawekezaji wa nje) ya dola bilioni 2. Sehemu ya fedha hizo, dola milioni 600, ililipa mkopo mwingine wa mabenki. Dola bilioni 1.5 zilipaswa kurudishwa Juni 2024, kwa riba ya asilimia 6.875. Februari 2024 serikali ikakopa tena dola bilioni 1.5, safari hii kwa riba ya asilimia 9.75, ili kulipa sehemu kubwa ya deni lile. Miezi minne baadaye vijana walijaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha na kodi zake, zilizokusudiwa kwa sehemu kulipia madeni.

Waheshimiwa wabunge wa Kericho na Bomet, mkopo wa nje ukiletwa mbele yenu, ulizeni kwanza zao lake ni lipi na litaanza kuchumwa lini. Msipojibiwa, msiupitishe.