Ugeni wa Kurejea

Mtu akisafiri kwenda kuishi Doha, Leeds au Boston, huonywa mapema. Ataambiwa habari za baridi, kazi za zamu, majirani wasiosalimiana na chakula kisichokolea. Akirudi Kitengela, nchini Kenya, baada ya miaka kumi na mitano, hakuna anayemwonya lolote, maana anarudi kwao. Miezi miwili baadaye mama yake anawauliza majirani kwa sauti ya chini mbona kijana hatoki chumbani.

Wataalamu wana jina la jambo hili. Kwa Kiingereza wanaliita “reverse culture shock”, na mfasiri anayebadilisha neno kwa neno hupata “mshtuko wa kinyume wa utamaduni”. Sarufi yake haina kosa. Lakini mwambie mama yule kwamba mwanawe ana mshtuko wa kinyume wa utamaduni, uone kama amepata pa kushika. Mimi napendekeza tuseme ugeni wa kurejea, na nina sababu zinazozidi wepesi wa kutamka.

Tuanze na asili ya istilahi yenyewe. “Mshtuko wa utamaduni” ni dhana iliyoenezwa na mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, mzaliwa wa Kanada, kwanza katika hotuba aliyoitoa Rio de Janeiro mwaka 1954, kisha katika makala iliyochapishwa 1960. Aliuona kama maradhi yanayowapata watu waliong'olewa kwao ghafla na kupandikizwa kwingine. Mwaka 1955 Sverre Lysgaard, aliyewachunguza Wanorwe waliokuwa wamekwenda Marekani kwa masomo na utafiti, alieleza hali zao kwa mchoro wa herufi U: furaha ya mwanzo, kushuka, kisha kupanda tena. Mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn wakaongeza U ya pili. Anayerudi nyumbani, walisema, hushuka na kupanda upya, na mchoro wote ukawa W.

Neno “kinyume” linahusu U hiyo ya pili, na hapo ndipo naona kasoro. Linamfanya msomaji adhani kwamba kurudi ni kwenda kulikogeuzwa, kama kanda inayorudishwa nyuma. Alfred Schütz, mwanasosholojia mzaliwa wa Austria, alikuwa ameona mbali zaidi mwaka 1945, vita vikiwa vinaelekea kuisha na askari wakijiandaa kurudi makwao. Alisema mgeni anayeingia nchi ya watu anajua kwamba hajui, kwa hiyo huuliza. Anayerudi hutarajia kukuta mambo aliyoyazoea, kwa hiyo haulizi. Mfano wake ulikuwa Odiseo, shujaa wa utenzi wa Kigiriki, aliyeshushwa usingizini katika kisiwa chake mwenyewe na alipoamka hakukitambua.

Neno “mshtuko” nalo lina shida zake. Kwa Kiswahili mshtuko ni wa ghafla: wa umeme, wa habari za msiba, wa mlio wa bunduki. Unapiga na kupita. Kinachompata mrejea huchukua muda mrefu kukomaa, na mara nyingi huanza baada ya shangwe kwisha. Wiki ya kwanza mbuzi huchinjwa. Wiki ya sita bado anapewa kiti kizuri sebuleni na kikombe cha wageni, na mazungumzo hunyamaza kidogo anapoingia jikoni.

Tunakuja kwa “utamaduni”. Nenda Kitengela uone kama utamaduni ndio unaomtatiza anayerudi. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 58,167 katika mji huo. Ile ya 2019 ikahesabu 154,436. Aliyeondoka mapema katika miaka ya 2000 aliacha nyanda ambazo nyumbu na punda milia walizipita wakitoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi kuelekea kusini na kurudi. Tangu mwaka 2000 kulikuwa hata na mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushie uzio wala kuuza, wanyama wapate njia. Leo kando ya barabara ya Namanga yamepangana maduka ya vifaa vya ujenzi, na nyuma yake kuna kuta za mawe, mageti ya chuma, ploti za futi 50 kwa 100 na malori ya maji yanayopita mtaa kwa mtaa. Mrejea anashuka kwenye matatu na kumuuliza mwendesha boda boda njia ya kwenda kwao. Hakuna mila iliyomshinda hapo. Ardhi yenyewe imegeuka, na ramani aliyokuwa nayo kichwani haina kazi tena.

Jambo zito kuliko yote, kwa maoni yangu, ni pesa, na michoro ya U na W haionyeshi kabisa. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9, kwa hesabu ya Benki Kuu ya Kenya. Nyuma ya jumla hiyo kuna uhusiano wa watu. Kwa miaka mingi mtu wa majuu alijulikana kwa ujumbe wa simu unaoingia mwisho wa mwezi: karo ya mpwa, dawa za baba, mabati ya nyumba ya shangazi. Alikuwa na kauli ya mwisho katika mambo ambayo hakuyaona kwa macho. Siku anaporudi kukaa, ujumbe ule unakoma. Sasa yeye ndiye anayetafuta kazi, tena miongoni mwa watu waliozoea kumpigia simu wakiwa na shida. Nyumba aliyoitumia pesa ijengwe pengine imejengwa vizuri, pengine imesimama kwenye msingi, pengine ina wapangaji asiowajua. Kuuliza kunaleta ugomvi, na kunyamaza kunamla ndani. Jamaa nao wana jeraha lao. Walimzika bibi bila yeye, walilala hospitalini na baba bila yeye, na sasa amekuja na maswali ya stakabadhi. Ukiliita hilo mshtuko wa mtu mmoja, umeifuta nusu ya familia.

Neno “ugeni” linazishika pande zote mbili. Ni hali ya kuwa mgeni, na pia ni wageni wenyewe: tunasema “leo tumepata ugeni”, tukimaanisha waliofika na shughuli ya kuwapokea. Mwenye nyumba yumo ndani ya neno. Methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, inaeleza kipimo ambacho Gullahorn walikitafuta kwa mchoro: ugeni una muda wake, na huisha mtu anapopewa kazi ya nyumba. Mrejea asiyepewa jembe, kwa heshima au kwa kinyongo, hubaki mgeni. Na tuna neno “ugenini”, ambalo mashabiki wa mpira hulitamka kila wiki. Huyu anacheza ugenini katika uwanja wake wa nyumbani.

Sheria nayo inalipa neno hili uzito. Katiba ya 2010 iliruhusu uraia wa nchi mbili, lakini Mkenya wa kuzaliwa aliyekuwa amechukua uraia wa kwingine kabla ya hapo aliupoteza wa Kenya, na Kifungu cha 14 kinamtaka auombe upya. Asipofanya hivyo, Kifungu cha 65 kinamhesabu pamoja na wasio raia: hawezi kuwa na ardhi ila kwa ukodishaji usiozidi miaka 99. Katika kaunti kama Kajiado, ulimo mji wa Kitengela na ambako ndoto ya wengi walio nje ni ploti yenye hatimiliki, mtu anaweza kurudi alikozaliwa akiwa mgeni hata mbele ya msajili wa ardhi.

Wapo pia wasiowahi kuondoka. Wamaasai, ambao wazee wao walisukumwa na wakoloni kwenye hifadhi ya kusini kwa mikataba ya 1904 na 1911, waliona malisho yao yakigawanywa. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, na vipande vikaanza kuuzwa. Mzee anayezunguka na ng'ombe wake kutafuta upenyo kati ya nyua ana ugeni wa aina yake, ingawa hakupanda ndege. Huo si wa kurejea, na istilahi isiuchukue. Nautaja kwa sababu mrejea na mzee huyo hukutana penye uzio uleule, na mara nyingi uzio ni wa mrejea.

Upande wa pili wapo waliorejea mahali ambapo hawajawahi kuishi. Baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka Oman mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje, wengi waliofika Muscat walikuwa wazaliwa wa Afrika Mashariki na lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kiswahili. Wenyeji waliwaita Wazanzibari, hata waliotoka Burundi au Kongo. Ugeni wa kurejea unawafaa bila kunyooshwa. Mshtuko wa kinyume hauwafai, kwa kuwa hapakuwa na safari ya kwanza ya kugeuzwa.

Mipaka ya istilahi hii iko wazi kwangu katika jambo moja. Msichana aliyerudishwa kutoka Saudia bila mshahara wala simu, na pasipoti yake ikiwa imeshikwa na mwajiri hadi dakika ya mwisho, ana mambo mengine: haki ya malipo, matibabu, pengine kesi. Mashirika husema anahitaji kurudishwa katika jamii, na hilo ni jina la huduma, yaani kazi wanayoifanya wengine kwa ajili yake. Ugeni wa kurejea ni jina la hali. Anaweza kuwa na vyote viwili, na anayeandika ripoti asitumie la pili kuficha deni la la kwanza.