Nani Alichora Nguo za Bujumbura?

Mwalimu wa Kiswahili anayefika Bujumbura na kujifunza Kirundi kidogo hukutana mapema na neno impuzu. Leo neno hilo lamaanisha nguo ya namna yoyote: shati, gauni, hata suruali ya dukani. Lakini kwa jirani zao wa Rwanda neno hilo hilo lingali na maana ya kale, yaani nguo iliyofanyizwa kwa gome la mti, na hapana shaka ndiyo maana ya asili kwa Warundi pia. Kitu kimetoka mikononi mwa watu, jina lake likabaki na kuvishwa nguo za wageni. Katika makala haya twapenda kuifuata historia hiyo kwa swali moja ambalo waandishi wa habari za mavazi huliruka mara nyingi: nakshi iliyo juu ya nguo ya mtu wa Bujumbura ilichorwa na nani?

Nguo ya gome ilikuwa na fundi wake, naye alijulikana mlimani kwake, maana Warundi hukaa milimani, kila rugo mahali pake, wala si katika vijiji vilivyosongamana kama vya pwani. Gome lilibanduliwa kwenye mti wa jamii ya mkuyu ambao wao huuita umuvumu. Shina lililoachwa uchi lilifungwa majani ya mgomba lisikauke, na baada ya muda mti ukaota gome jipya. Lile lililobanduliwa lilipigwa kwa nyundo ya mbao iliyochongwa mifuo usoni, likapigwa tena na tena hata likapanuka na kulainika. Mifuo ile iliacha mistari myembamba katika nguo nzima. Basi tukitaka kumtaja mchoraji wa kwanza wa nguo katika nchi hii, ni yule aliyechonga nyundo. Ufundi wa jinsi hiyo u hai Uganda hata sasa, na UNESCO iliutangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Huko Burundi haukupata bahati hiyo.

Kilichouondoa ni merikani. Mkataba wa mwaka 1833 kati ya Seyyid Said na Marekani ulifungua njia kwa pamba nyeupe ya viwanda vya Massachusetts kuingia Unguja, na kutoka Unguja ikabebwa vichwani mwa wapagazi mpaka Ujiji. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 walikuta nguo ndiyo fedha; watu walihesabu kwa shuka na kwa doti, yaani shuka mbili. Mwishoni mwa mwaka 1871 Stanley na Livingstone walipiga makasia kuelekea kaskazini mpaka mto Ruzizi unapoingia ziwani, karibu na mahali ulipo mji wa Bujumbura leo, nao pia walilipia njia kwa nguo na shanga. Milimani hali ilikuwa nyingine. Mwami Mwezi Gisabo aliwazuia wafanyabiashara wa Ujiji wasiitawale nchi yake, na kwa sababu hiyo bidhaa zao zilikawia kupanda kutoka ufukweni. Tuangalie jambo moja: merikani haikuwa na mchoro hata mmoja. Watu walitoka katika nguo yenye alama ya mkono wa fundi wakaingia katika nguo isiyo na alama kabisa.

Utupu huo ulijazwa pwani. Huelezwa kwamba wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso zilizokuwa bado hazijakatwa, wakashona sita pamoja ili kupata vazi moja, na kwamba mafundi wengine walipiga chapa juu ya merikani kwa mihuri ya mbao. Kutoka hapo ikazaliwa kanga, yenye pindo, mji na jina lake. Mjini Mombasa Kaderdina Hajee Essak alianzisha mwaka 1887 biashara ambayo kanga zake zilijulikana kwa alama ya “Mali ya Abdulla”. Hapa ndipo twamwona kwa mara ya kwanza mtu afananaye na mbunifu wa kujitegemea wa siku hizi, kwa maana hakuwa na mtambo wala kinu. Alikuwa na masikio. Wafanyabiashara wa namna yake walisikiliza wanawake wanataka rangi gani na msemo gani, wakapeleka agizo ng’ambo, na viwanda vya Uholanzi, Uingereza, India na baadaye Japani vikachapa kama vilivyoagizwa. Wanawake nao hawakuwa wanunuzi tu. Kanga iliyokataliwa msimu mmoja ilimtia hasara mwenye duka, hata akajifunza haraka. Mtambo ulikuwa Ulaya, lakini hukumu ilikuwa barazani Mombasa na Unguja.

Je, hukumu hiyo iliwahi kuwa Bujumbura? Mji huu ulianza kama kituo cha askari wa Kijerumani, uitwao Usumbura, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Waswahili, Wamanyema, Waarabu na Wahindi walikaa kando yake na kufanya biashara. Reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, bandari ile ikawa mlango wa Usumbura, na baada ya Wabelgiji kuutwaa mji mwaka 1916 njia ya meli kutoka Kigoma iliendelea kuleta majora ya nguo. Mtaa wa Buyenzi, wenye barabara zinazoitwa kwa nambari, ukawa makao ya Waislamu na ya Kiswahili. Kanga ikavaliwa humo kama Ujiji. Sisi tunaofundisha lugha hii tungefanya vema kukumbuka kwamba katika nyumba nyingi za Buyenzi huenda maandishi ya kwanza ya Kiswahili kuingia yalikuwa jina la kanga. Upande wa pili wa ziwa, Albertville, ambayo leo ni Kalemie, kulikuwa na kiwanda cha Filtisaf cha kusokota na kufuma. Na kutoka Kongo kukaja pia kitenge na mtindo wa kukishona. Kwa hiyo mji ulivaa nakshi za pande mbili: misemo ya mashariki, maua makubwa ya magharibi. Yake wenyewe haukuwa nayo.

Na pamba ilikuwapo! Uwanda wa Imbo, kutoka ukingo wa mji kuelekea Bubanza na Cibitoke, ulilimwa pamba kwa amri ya Wabelgiji. Mkulima aliilima, akaiuza kwa bei aliyopangiwa, kisha akanunua nguo iliyotoka mbali. Miaka 18 ilipita baada ya uhuru wa 1 Julai 1962 kabla ya duara hilo kufungwa. Kwa msaada wa China kilijengwa kiwanda cha Complexe Textile de Bujumbura, kijulikanacho kwa ufupisho wa COTEBU, kikaanza kazi mwaka 1980. Tanzania ilikwisha kupata kiwanda chake cha Urafiki kwa msaada kama huo mwaka 1968. COTEBU kilisokota, kilifuma na kuchapa, na vitenge vyake vilivaliwa mjini na milimani. Kwa mara ya kwanza pamba ya Imbo ilimrudia Mrundi ikiwa na rangi.

Mambo hayo hayakudumu. Vita vilivyoanza Oktoba 1993 vilienea katika uwanda ule ule wa pamba, kuanzia Julai 1996 mpaka Januari 1999 nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya biashara, mitumba ikafurika, na katikati ya muongo wa kwanza wa karne hii milango ya COTEBU ikafungwa. Baadaye kampuni ya Afritextile ilichukua mahali pake na mitambo ikawashwa tena. Pigo jingine lilikuja alfajiri ya tarehe 27 Januari 2013, soko kuu la Bujumbura lilipoteketea, na wauza vitenge wengi wakapoteza mtaji wote kwa siku moja.

Katika hali hiyo wabunifu wadogo wanafanya kazi leo. Wako wanaopaka nta na kuchovya batiki. Wako wanaochapa kwa skrini mezani, rangi moja baada ya nyingine. Ni kazi ya mikono, yadi chache kwa siku, na bei yake haiwezi kushindana na kitenge cha meli. Mteja akitaka kitambaa cha arusi au cha kwaya kwa wingi, mchoro wake hupelekwa ng’ambo kama agizo la Mombasa la karne ya 19, kwa tofauti moja kubwa. Mchoro uliouzika huigwa upesi na viwanda vingine, ukarudi sokoni kwa bei ya chini kuliko ya aliyeubuni. Burundi ilitunga sheria ya haki za waandishi na wasanii mwaka 2005, na ya mali ya viwandani mwaka 2009. Lakini kuna umbali mkubwa kati ya sheria na mtu mwenye skrini mbili na ndoo za rangi, asiyeweza kumshtaki mwenye kiwanda bara jingine. Kwa maoni yetu hilo laumiza zaidi kuliko ukosefu wa mitambo, kwa maana Hajee Essak hakuwa na mtambo, ila alikuwa na alama yake pembeni mwa nguo na watu waliijua.

Hata hivyo tusimsahau fundi cherehani, ambaye hakuna orodha ya wabunifu inayomtaja. Kitenge kilichochorwa mbali kikiwekwa mezani kwake Buyenzi, hakikati papo hapo. Hukigeuza huku na huku, hukikunja, hukipima begani kwa mteja, mpaka ua kubwa liangukie katikati ya kifua na mistari ya ubavu mmoja ikutane na ya ubavu wa pili. Akikosea inchi mbili, mteja huikataa nguo.