Samaki Wapole Wanaosafisha Wenzao: Yajue Haya Kabla Hujamtia Mmoja Tangini

Wiki iliyopita kijana mmoja alinisimamisha tulipotoka kuswali Alasiri, akanionyesha picha kwenye simu yake. Ana tangi la samaki wa baharini sebuleni, zuri kwelikweli, lakini kangaja wake amejaa vidoa vyeupe kama aliyenyunyiziwa chumvi. Muuzaji amemwambia dawa ni samaki msafishaji. Amtie mmoja tu na shida itakwisha. Akataka kujua kama ni kweli. Nikamwambia nitamjibu hapa, maana miaka sita iliyopita na mimi niliuziwa maneno yayo hayo, na yakanigharimu.

Mimi si daktari wa samaki. Haya nimeyajua kwa kusoma, kwa kuwauliza wavuvi, na kwa kuzika samaki ambao hawakustahili kufa.

Kwanza mjue mdudu wako

Vimelea vya samaki wa baharini ni vingi, lakini mwenye tangi akifahamu makundi matatu ameshapiga hatua.

Kundi la kwanza ni vijidudu vya jamii ya Gnathiidae. Ni kama kupe: hujificha maweni, hupanda juu ya samaki hasa usiku, hufyonza damu, kisha hushuka. Ukitazama vizuri unawaona kwa macho.

Kundi la pili ni minyoo bapa, kama wa jamii ya Neobenedenia. Hung'ang'ania ngozi na macho, na kwa kuwa miili yao hupenya mwanga, ni vigumu kuwaona. Dalili yake ni samaki kujikuna kwa mawe na macho kuingia ukungu.

Kundi la tatu ndilo lililompata kangaja wa yule kijana: madoa meupe, ugonjwa unaoletwa na kiumbe wa seli moja aitwaye Cryptocaryon irritans. Huyu hakai juu ya ngozi. Hujichimbia chini yake na kula humo kwa siku kadhaa, kisha huanguka, hujifungia ndani ya ganda mchangani au maweni, na hujigawa. Ganda likipasuka hutoka watoto wengi wanaoogelea kutafuta samaki. Yapo maganda yaliyochukua hadi siku 72 kutoa watoto wote.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Samaki msafishaji hudonoa kilicho juu ya ngozi. Kilicho chini ya ngozi atakifikiaje? Na kilichojifungia mchangani? Kwa madoa meupe, basi, msafishaji si dawa. Anaweza kupunguza kupe na minyoo, na hapo ndipo kazi yake inapoishia.

Daktari wa mwamba wetu

Samaki anayeuzwa zaidi kwa kazi hii ni Labroides dimidiatus: mwembamba, wa buluu na weupe, na mstari mweusi unaotoka mdomoni hadi mkiani. Mvuvi yeyote wa kwetu aliyepiga mbizi amemwona. Ana mahali pake mwambani kama kinyozi na kiti chake, na wateja humwendea wenyewe. Chewa na mkunga humpanulia mdomo, akaingia na kutoka salama.

Watafiti waliomchunguza Australia, kwenye Great Barrier Reef, walikuta mmoja hula vimelea 1,200 hivi kwa siku. Huko huko waliwaondoa wasafishaji katika vipande vya mwamba kwa zaidi ya miaka minane, na samaki wa vipande hivyo wakapungua kwa idadi na kwa aina.

Nilinunua mmoja wake. Ami yangu, aliyevua maisha yake yote, alikuja kunitembelea akamkuta anazunguka tangini. Akamtazama sana, kisha akasema, "Mwanangu, huyu ndiye daktari wa mwamba. Ukimtoa, wenziwe watatibiwa na nani?" Nikacheka. Baada ya wiki tatu msafishaji alikuwa amekonda hadi kichwa kimekuwa kipana kuliko tumbo, na akafa. Kangaja niliyemnunulia tabibu alikuwa ameshamtangulia.

Sababu nilikuja kuijua baadaye. Tangi la sebuleni halina vimelea 1,200 kwa siku, na wengi wa samaki hawa hawakubali chakula cha kawaida. Zaidi ya hayo, watafiti wameonyesha kwamba akipewa nafasi ya kuchagua, hupendelea ute wa ngozi ya samaki kuliko vimelea vyenyewe. Mwambani mteja akidonolewa ute huondoka zake. Tangini ataondoka aende wapi? Ndiyo maana utawaona wengine wakifukuzana naye kutwa.

Wapole unaoweza kuwafikiria

*Gobi wa neon (Elacatinus oceanops).* Asili yake ni pande za Florida na Ghuba ya Meksiko hadi Belize. Ana sentimita 5 hivi, ni mweusi mwenye mstari wa buluu unaong'aa. Ni msafishaji wa kweli, lakini hategemei kazi hiyo ili aishi: hula chakula cha kugandishwa kilichokatwa vidogo. Kikubwa zaidi, huzalishwa kwenye matangi, kwa hiyo hakuna mwamba uliopungukiwa kwa ajili yako. Muulize anayeagiza samaki kutoka nje, na usikubali mpaka umwone akila mbele yako. Usimtie na chewa wala mkunga. Tangini usitegemee heshima ya mwambani. Na ukimchoka usimmwage baharini kwetu, maana si wa huku.

*Kamba msafishaji (Lysmata amboinensis).* Si samaki, lakini siwezi kumwacha. Ni mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni, mpole, na hula karibu kila kitu. Majaribio yameonyesha kwamba hula pia mayai ya minyoo bapa, kitu ambacho samaki wengi hawakigusi. Tahadhari: dawa yenye shaba humuua, na samaki wakubwa humla.

*Halichoeres wa njano (Halichoeres chrysus).* Huyu hasafishi wenzake sana. Kazi yake ni kuokota minyoo bapa na konokono wadogo wanaosumbua matumbawe na chaza. Hufika sentimita 12. Hulala amejifukia, kwa hiyo anahitaji mchanga laini wa sentimita 5 au zaidi, na tangi lenye kifuniko kwa sababu huruka. Ni mpole kwa samaki, ila kamba wadogo sana wasiwe jirani zake.

Wa kukwepa

Pseudocheilinus hexataenia, mwenye mistari sita, huokota wadudu vizuri, lakini akishazoea tangi hulifanya milki yake na kuwatesa wageni. Hafai penye samaki wapole.

Mwingine ni tapeli hasa: Aspidontus taeniatus. Amevaa nguo za daktari, mstari mweusi na yote, lakini akikaribia huuma mapezi. Mtazame mdomo. Wa msafishaji wa kweli uko mbele kabisa ya kichwa; wa tapeli uko chini, umefunikwa na pua.

Utaratibu unaookoa

Karantini ndiyo kinga kubwa. Kila samaki mpya akae peke yake katika tangi dogo kwa wiki 4 au zaidi, na wasafishaji wenyewe wasisamehewe, maana nao hubeba magonjwa.

Ukishuku minyoo bapa, mwogeshe samaki kwa dakika 5 katika maji matamu yasiyo na klorini, yenye joto na pH sawa na maji ya tangi. Usiondoke hapo, akilegea mtoe mara moja. Minyoo hugeuka meupe na kuanguka, ukajua ulichokuwa nacho.

Madoa meupe yakiingia, hamisha samaki wote uwatibu kwa dawa ya shaba katika tangi la pembeni, ukipima kiwango chake kila siku. Tangi kubwa libaki bila samaki hata mmoja. Wengi huliacha siku 76, ili ganda la mwisho lipasuke na watoto wakose wa kumshika. Kamba na matumbawe wanaweza kubaki humo.

Na ukitaka kuvua mwenyewe, kumbuka kwamba ndani ya hifadhi za bahari zenye ulinzi kamili (marine parks) kama Kisite, Mombasa, Watamu na Malindi hakuna ruhusa kuvua chochote, na biashara ya samaki wa mapambo nje ya hifadhi inahitaji leseni.

Jibu langu kwa kijana

Usinunue msafishaji. Mtoe kangaja leo na wenzake wote, uwatibu pembeni, uwe na subira ya siku 76. Baada ya hapo tafuta gobi aliyezalishwa tangini, au kamba, kama mlinzi wa nyumba iliyokwisha kusafishwa.

Sote tumesomeshwa chuoni kisa cha mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwachilie ajitafutie. Samaki anayekufa njaa nyuma ya kioo, huku sisi tukimsifia rangi, hana tofauti kubwa na yule paka. Kumfuga si vibaya. Ila ukimtoa kwenye riziki yake, riziki hiyo imekuwa dhima yako.

Ami yangu ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Lile swali lake sikumjibu, na sijamnunua tena daktari wa mwamba.